Raba Zisizo na Kamba

Chumba namba 6,
Nyuma ya Karakana ya Magari,
S.L.P. 418.
9 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu zangu. Natumaini mgongo uliokuwa ukikusumbua kazini umepata nafuu. Mimi ni mzima. Najua barua itakushtua, maana umezoea simu yangu ya Jumapili ya dakika mbili. Keti kwanza. Mwanao, Chiriku wetu, anapumua vizuri, na leo asubuhi kamaliza chai na mkate wote.

Lakini ni siku ya tatu amelazwa, na kosa ni langu.

Unanijua, miaka ishirini ya ufundi viatu. Nikimtazama mtu naanzia miguuni. Basi kila nilipopita shuleni saa ya mazoezi, nilimwona mwanao kainama pembeni anafunga kamba za raba, wenzake wanazunguka uwanja. Hata tukipanda ngazi za daraja, anainama. Nikamtania kwamba mpwa wa fundi viatu hajui kufunga kamba. Akacheka tu. Mwishowe nikazitoa kamba, nikashona lastiki, kazi safi hata mwalimu wake wa michezo akaisifu.

Kumbe, dada, kuinama kule ndiko kulikokuwa kupumzika kwake. Kifua kikimbana alichuchumaa, akajifanya anahangaika na fundo hadi pumzi irudi. Jumanne hakuwa na cha kufunga. Aliona aibu kusimama bure, akakimbia mizunguko mitatu, akaanguka. Nilipofika, midomo imebadilika rangi, kifua kinalia kama filimbi, na mtoto yule asiyenyamaza anatoa neno moja moja kwa shida.

Daktari anasema ni pumu. Kukimbia kunaiamsha, moshi wa barabara yetu unaichochea, na gundi yangu pia. Gundi nimeshaihamishia kwa jirani yetu fundi saa. Mtoto amepewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, avute kabla ya mazoezi na akibanwa. Kucheza hakukatazwa. Kile kikohozi cha alfajiri nilichokuambia ni mafua, hakikuwa mafua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kilikaribia.

Nyumba imekuwa kubwa, dada. Jana nilitenga vikombe viwili vya chai, nikavinywa vyote mwenyewe. Tangu wifi yako atangulie mbele ya haki, sijapata kuwa mpweke namna hii.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Muuguzi alimuuliza kwa nini alificha mwaka mzima. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Akajibu, "Mama akijua naumwa atakuja kunichukua. Sasa mjomba atabaki na nani?"

Nililia, wala sioni haya kukuandikia. Mtoto wa miaka kumi alikuwa akinilea mimi, na kifua chake kinambana.

Nisalimie shangazi unayeishi naye, na binamu zetu wote wawili. Mungu awape afya na akufungulie njia.

Ukiona hewa ya huko ni bora, njoo umchukue, wala usinihurumie. Nimeshamwambia nina wateja tele, na kwamba fundi saa huja kupiga soga nami kila jioni. Hajaja hata siku moja. Chiriku akikuuliza kwenye simu, mwambie ni kweli.

Ndimi kaka yako nikupendaye,
Fundi