Obare Anakuja Ndhiwa

Jumatano, 7 Agosti 2024

Obare Ja-Kisegi anapiga ngoma za ohangla sokoni Ndhiwa Jumapili, saa nane mchana! Mama aliposikia redioni alisonga ugali hadi mwiko ukavunjika. Hajamwona Obare tangu mdogo wangu Bravin azaliwe, miaka mitatu sasa, halafu mwezi wa sita akaja mtoto mwingine. Baba yuko kazini Migori. Nikasema: Mama nenda, nitawaangalia. Akasema nisiahidi nisichokiweza. Nimeshaahidi.

Alhamisi, 8 Agosti

Mtoto analia tangu alfajiri. Hataki titi, hataki mgongo. Dani, nyanya yetu, anasema ni jina: kuna marehemu wetu anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake. Akaanza kuwataja. Okari — kilio. Ogweno — kilio zaidi. Shemeji yake waliyegombana naye alimtaja haraka haraka, kwa sauti ndogo. Mama akawasha simu, Obare akaimba. Kimya!

— Mama, mjukuu wako amejichagulia, Mama akamwambia Dani.

— Nyar Rusinga, niondolee mzaha, Dani akajibu; humwita Mama hivyo, binti wa Rusinga. Huyo Obare yuko hai, anakula nyama choma! Aliye hai anarudi kutoka wapi?

Na hakuna kwenda ngomani mtoto akiwa hana jina. Amekata kauli.

Ijumaa, 9 Agosti

Majina kumi na saba, nimeyaandika nyuma ya daftari la Hisabati. Yote yamekataliwa. Mama amefua rinda lake la kijani hata hivyo.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemuuliza Dani kwa adabu: katika ukoo wetu wote, hakukuwa na Obare hata mmoja? Akakiri shingo upande. Kumbe alikuwepo! Kaka yake Babu. Alipiga zeze lake la nyatiti hadi shamba likaota magugu, ndiyo maana hatajwi. Dani akazima mwenyewe simu iliyokuwa ikiimba, akaita polepole: Obare. Mtoto akapiga chafya, akalala. (Alikuwa ametoka kunyonya, lakini sikusema.)

Mama ameruhusiwa mpaka saa kumi!

Jumapili, 11 Agosti

Mama ameondoka saa saba na nusu. Ameenda na simu! Mtoto ameamka. Tumeita Obare, Obare, mara thelathini — wapi! Bravin naye analia kwa sababu mwenzake analia.

Dani akasema: Linet, funga mlango, majirani wasisikie. Kisha akaimba. Si wimbo wa kanisa. Ni ule wa Obare Ja-Kisegi, ule wa kwenye simu, kila neno, na mabega yanatikisika! Mtoto kimya. Bravin anacheza.

Naandika nikiwa dirishani. Mama yuko nje. Amerudi, viatu mkononi. Nadhani alisikia kilio akiwa barabarani. Amemwona Dani, amejiziba mdomo. Nampungia mkono: nenda, nenda! Ngoma zimeanza sokoni, zinasikika hadi hapa. Hasogei. Na Dani, ambaye hajageuka, ameanza ubeti wa pili —