Nahodha Athumani Amepikiwa Koboko

Koboko, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao kutoka huku ambako hakuna maji ya chumvi ila yale ninayochemshia maharage. Mimi mzima. Goti lako je, limekubali ile dawa ya kuchua au bado linakufanyia kiburi? Na Dada Mwanajuma amejifungua salama? Niambie mtoto kamfuata nani, wala usinifiche kama kachukua pua ya shemeji.

Kazi inakwenda. Wanafunzi wangu, wengi wao kutoka mashamba ya Kuluba, wananifundisha Kiswahili cha huku zaidi kuliko ninavyowafundisha cha kwetu. Nikisema kitabu kipo mezani, wananionea huruma, kisha mmoja ananisaidia: "Kitabu iko." Juzi nimejisikia mwenyewe sokoni nikiuliza kama nyanya iko.

Nina jambo zito la kukwambia, Mama, na nitalifikia. Kwanza ujue kwamba ninaandika kitabu cha mabaharia wa zamani. Usicheke. Najua utasema, yule aliyetapika tangu gatini mpaka Pemba? Ndiye huyohuyo. Kilianza ndani ya basi siku ile nilipokuja. Tulivuka Mto Nile pale Pakwach asubuhi, ukungu umelala juu ya maji, ng'ambo haionekani, na mimi nusu macho nusu usingizini nikaona merikebu ya milingoti mitatu inapita chini ya daraja bila sauti. Abiria wenzangu walikuwa wanakula mihogo. Basi liliposimama kituo cha Inde nikanunua daftari, na tulipofika Arua nilikuwa nimejaza kurasa nne.

Tangu hapo kila safari yangu naipeleka baharini. Mvua iliyotukuta juu ya lori la magunia kati ya Arua na Koboko imekuwa tufani ya siku tatu. Merikebu yangu inakwenda bandari ya Surat enzi za mababu, imebeba pembe na nta, na maharamia wako nyuma yake. Wakati mwingine nasahau nilipo, nasimama mbele ya darasa na chaki mkononi, nasikia mbao zinalia, mpaka watoto waniulize kama ninaumwa.

Ninapanga kwa bibi mmoja Mnubi, Haboba Zamzam. Haboba ndiyo bibi kwa lugha yao. Babu zake walikuwa askari waliotoka Sudan. Alasiri wanawake hukusanyika uani kwake kusuka vifuniko vya sinia kwa ukindu wa rangi, na jirani yetu Mama Keji, Mkristo aliyekimbia vita Sudan Kusini, huja na karanga zake za kuuza akazichambua hapohapo. Siku moja Haboba aliniuliza naandika nini. Nikamsomea. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria: nikitoka shuleni, chai, kisha merikebu.

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari, lakini walinisahihisha. Nilipoandika kwamba mabaharia walilia kwa kiu, Mama Keji aliziacha karanga zake. "Hapana, ticha," akasema. "Mutu ya kiu hapana lia. Watoto yangu walinyamaza tu." Nilifuta ukurasa mzima nikaandika vile alivyosema.

Sasa jambo lenyewe. Nahodha wangu hakuwa na jina. Nilimpa majina sita na yote yakamkataa. Mwishowe nikamwita Athumani bin Kombo. Ndiyo, Mama. Baba. Nikampa na ile tabia ya kupuliza chai mara tatu kabla ya kunywa, na ya kuziita kamba kwa majina ya mashangazi. Wanawake wakampenda kuliko wote. Hata mimi nilikuwa nikifumba macho namwona kwenye usukani, kijana kuliko mimi nilivyo leo, na nafurahi.

Najua msimamo wako. Miaka kumi na tisa tangu meli yake ya mizigo ipotee, na hukukubali isomwe hitima. Ulimwambia shehe akuletee hata ubao mmoja wa meli, ndipo utakaa eda. Nasi tukajifunza kusema Baba yuko safarini, hata kwa watu waliokuja kutuposa.

Katika sura ya kumi na moja merikebu inaingia ukunguni. Nikawasomea, "Na Nahodha Athumani bin Kombo hakuonekana tena," nikafunga daftari, maana mwenyewe sikujua kinachofuata. Kesho yake nikaenda Arua wiki mbili kwa mafunzo ya walimu.

Nimerudi Ijumaa nikakuta ua umejaa watu. Masufuria makubwa mekoni, mikeka imetandikwa, imamu na wazee wamekaa. Nikajua tumefiwa. Nikamuuliza Haboba ni nani. Akanishika mkono.

"Athumani," akasema. "Sisi naona wewe nakwenda Arua, hapana sema kitu. Tukasema, mutoto hana ndugu hapa. Mutu ya maji hana kaburi, lakini karama lazima."

Karama ndicho chakula cha matanga. Kumbe kwao hadithi yenye jina la mtu na jina la babake si hadithi. Ndivyo wanavyowasimulia babu zao askari: fulani bin fulani, alipita wapi, alifia wapi. Haikuwajia akilini kwamba mtu anaweza kukaa akabuni marehemu. Siku zote zile walidhani nawasomea habari za ukoo wangu.

Ningeweza kuwasahihisha. Maneno nilikuwa nayo mdomoni: jamani, huyu ni wa kitabuni tu. Nikamwona Mama Keji, asiye Mwislamu, amejifunga kitenge anakoroga sufuria la maharage aliyoyatilia karanga zake za kuuza. Nikavua viatu, nikakaa mkekani. Imamu akaniuliza marehemu ni nani kwangu, nikasema ni baba yangu. Wakasoma. Nikalia, Mama, kile kilio ulichotukataza nikiwa na miaka tisa. Niliona wepesi, sikufichi, na papo hapo nikaona nimekuibia kitu chako.

Baadaye Haboba aliniuliza, "Na mama yako, nani alimupikia?" Nikamjibu hakuna, maana kwetu hakufa mtu. Aliniletea sahani ya pili, akaniambia hii nile kwa ajili yako, Mama. Nimeila yote.

Kitabu bado hakijaisha. Kalamu ni yangu, naweza kumtoa nahodha ukunguni leo hii, aje na ndevu nyeupe na habari za visiwa. Nimejaribu mara mbili. Anakuja, anasimama gatini, lakini hasemi nami.

Nisalimie Mjomba Saidi na mikate yake, Dada Mwanajuma na huyo mgeni wetu, na shangazi mkubwa, umwambie kamba ya tanga kuu ndiyo yeye. Haboba na Mama Keji wanakusalimu sana, wanasema njoo, nafasi iko.

Ukinikasirikia, Mama, nitapokea, una haki yako. Ila usiniandikie kwamba yuko safarini. Mimi nimeitikia amina na siwezi kuirudisha. Hapo chini nimeandika jina langu. Nimechana karatasi tatu kabla mkono haujakubali.

Mimi mwanao akupendaye,

Rukia binti marehemu Athumani Kombo