Usiziache Sindano, Charline

Mabanga, Goma
Tarehe 9 Machi 2026

Mpendwa Charline, mutoto wa dada yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Huko Guangzhou unalala? Unakula? Sisi tunapumua tu. Mama yako tulimzika Jumamosi katika mvua, nawe usingewahi, maana uwanja wa ndege umefungwa.

Unaniandikia kwamba utaacha masomo ya tiba ya Kichina, kwa sababu ni wewe uliyemtuma kwa mganga wa sindano za Kichina pale Murara. Hapana! Nakataa, na unajua nikikataa.

Sikia ilivyokuwa. Baada ya kiharusi, vidonge vya hospitali vilizuia damu isigande, na sindano za Murara zikaufungua mkono wake. Siku ya Noeli mama yako alinisongea bugali mwenyewe. Nililia juu ya sahani.

Kisha mganga akamwongezea mizizi ya kuchemsha, bila kuuliza anameza nini kingine. Na dokta wa hospitali alipoiona mizizi hiyo, akamfokea mbele ya watu: "Mama, peleka takataka zako mbali! Nisizione tena hapa!"

Njiani mama yako alinichekesha: "Mutoto wa juzi, ningeweza kumuzaa, ananigombeza kama nimeiba sukari!"

Lakini alitii. Akafanya kama wamama wote wa foleni ya hospitali: mizizi wanaiacha kwa muuza ndizi kwenye lango, wakitoka wanaichukua. Dokta hakuiona tena. Mizizi na vidonge, vyote vikailegeza damu, ikavuja kichwani.

Kwenye kilio walikuja wote wawili, mganga na dokta. Niliwauliza: "Mulikuwa munatibu mutu mumoja, mbona hamukusemezana?" Kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole. Nikawafukuza.

Hapa wengine wanaita tiba yako uchawi, wengine wanaita vidonge sumu ya wazungu. Wavivu wa kusoma, wote! Sindano haizuii damu kuganda kama vidonge, na kidonge hakiufundishi mkono kushika mwiko. Tiba hizo mbili zinahitajiana, mradi zizungumze.

Benny mdogo wako anakusalimu. Bibi Sidonie anakuombea kila misa, anasema usilie peke yako. Mungu akufikie pale mikono yetu haifiki.

Maliza masomo, mama. Rudi ukae chumba kimoja na dokta, ili mgonjwa aseme yote bila kuogopa. Shauri lako halikumuua mama yako. Alikufa akiogopa kugombezwa.

Ni mimi mujomba wako, ninayekupenda hata ninapopiga kelele,
Adalbert