Mashine ya Mtu Mmoja

Jumamosi, 27 Aprili

Mashine ya Mama ya kukatia nyasi imekufa. Baba ameitoa bandani, akaitia petroli, akabadilisha betri, akageuza ufunguo. Ikakohoa mara moja tu. Akafungua boneti, akaingiza mkono, akautoa mweusi. "Injini imeshikana," akasema. "Imekufa hii." Halafu tukasimama pale bila kujua tuangalie wapi. Neno hilo hatujalitumia nyumbani tangu Novemba.

Mama ndiye aliyekuwa akikata nyasi. Alhamisi jioni, kofia ya majani kichwani, redio masikioni, na hakutaka mtu mwingine aiguse mashine yake. Baba alikuwa na ng'ombe, na mwenye ng'ombe hana muda wa nyasi zisizoliwa. Sasa ng'ombe wameuzwa. Mama hayupo. Nyasi zimenifikia kwenye vifundo vya miguu.

Baba anasema njia ni mbili. Tununue mashine nyingine ya kukalia, ya nyasi tu, kama ile. Au tununue kikatio cha kufunga nyuma ya trekta, maana trekta tunalo na siku hizi halina kazi.

"Tutaona," akasema. Kwa Baba, "tutaona" inaweza kuchukua mwaka mzima.

Jumatano, 1 Mei

Chakula cha mchana maktabani tena, nyuma ya rafu za historia. Hakuna anayenikataza na hakuna anayenitafuta. Nimesoma kuhusu vikatio. Nimesoma mpaka kengele ikalia na sandwichi iko vilevile.

Jioni Baba akaniuliza: "Wewe Signe, ungechukua kipi?"

Nilishtuka. Tangu majira ya baridi ananiuliza mambo mawili tu: kama nimekula, na kama mlango wa nyuma nimeufunga. Nikajibu haraka kama niko mbele ya mwalimu. Kikatio cha trekta. Injini tunayo tayari, kwa nini tununue ya pili? Kinakata upana mkubwa. Visu ni vizito zaidi. Kitadumu.

"Umesoma," akasema.

"Kidogo."

Yote niliyosema ni kweli, ila sababu yangu si hiyo. Kufunga kitu nyuma ya trekta letu ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kitini anarudi nyuma, mwingine anasimama kando anamwongoza kwa mikono, kwa sababu injini inanguruma na hakuna anayesikia. Wakati wa mavuno alikuwa Mama. Kiganja kikielekea kifuani: njoo. Kulia. Kushoto. Taratibu. Halafu mkono juu ya kofia: simama. Baba hakuwa akitazama nyuma ya trekta kabisa, alimtazama Mama tu. Kisha mmoja anapachika pini huku, mwingine kule.

Mashine ya kukalia haihitaji yote hayo. Mtu anakaa, anaondoka.

Sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Jumamosi, 4 Mei

Tumekwenda mjini kuangalia. Muuzaji anaitwa Curt Nyhus, alisoma na Baba, ana tumbo na kicheko cha kukaribisha wateja.

"Arlen! Nilidhani umefungwa jela."

"Bado wananitafuta," Baba akasema. Ndiyo maneno mengi zaidi niliyomsikia akimwambia mtu wiki hii.

Curt akamkalisha kwenye mashine nyekundu ya kukalia. Magoti ya Baba yakapanda karibu na kidevu. Akaonyeshwa pa kuwekea kikombe cha kahawa. Akauzungusha usukani, akashuka, akapanda tena, akashuka. Alikuwa akijipima. Baadaye tukaenda kwa vikatio, vimepangwa ukutani kama meza zilizopinduliwa. Baba akachutama, akashika pini, akainua upande mmoja.

"Mtu akiwa peke yake," akauliza, "anaweza kukifunga na kukifungua hiki?"

Curt akacheka. "Anaweza, akiwa na subira nyingi na matusi mengi zaidi."

"Lakini anaweza."

"Kwa nini uteseke ilhali msaidizi huyu hapa? Si ndiyo, binti?"

Nikasema ndiyo. Baba hakugeuka. Alikuwa bado anaitazama ile pini.

Njiani nilikuwa najiuliza nimefanya nini hadi atake kitu ambacho mimi simo.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Nyasi zinakua unaziona kwa macho.

Alhamisi, 9 Mei

Basi la shule limenishusha kwenye sanduku la barua, na sikuitambua nyumba yetu. Nyasi zimekatwa. Zote! Mistari imenyooka mpaka kwenye mtaro wa barabara, hata chini ya kamba ya nguo, hata kuzunguka maua ya Mama bila kugusa jani.

Ni Lyle Brekke, jirani. Alikuja wakati Baba yuko kazini. (Baba sasa anaendesha lori la maziwa, ya ng'ombe wa watu wengine.) Huku kwetu hakuna anayemwambia mwenzake "naona umeelemewa." Wanakukatia nyasi. Novemba, baada ya mazishi, walituondolea theluji mlangoni zaidi ya wiki, na hilo lilikuwa sawa, kila mtu hufanyiwa. Mwezi Mei ni jambo lingine.

Baba aliporudi alizima lori, akakaa ndani kwa muda. Aliposhuka akasema, "Lyle ni mtu mwema," kama mtu anayesema jino linauma.

Ilibidi twende kushukuru. Mzee Lyle alikuwa uani kwake ananoa visu. Mama LaVonne, mkewe, akatukaribisha kahawa, Baba akakataa, akakaribishwa tena, akakataa, mara ya tatu akakubali, kama inavyotakiwa.

"Nisamehe, Arlen," mzee Lyle akasema. "Niliona kulungu anaingia uani kwako, hakutoka tena. Nikasema nikamtafute."

"Huyo alikuwa amepanga chumba," Baba akasema. "Umemfukuzia mpangaji wangu."

Wakacheka wote wawili wakitazama chini. Mimi nilikaa kwenye ngazi na kipande cha keki nilichopewa na Mama LaVonne. Alinisukumia cha pili bila kuniuliza.

Halafu mzee Lyle akauliza tunanunua kipi.

"Ya kukalia, nafikiri," Baba akajibu. "Kikatio kinataka watu wawili. Na huyu mwaka ujao anamaliza shule, anakwenda chuo. Nitabaki mwenyewe. Lazima ninunue kitu cha mtu mmoja."

Alisema kawaida tu, kama anavyosema habari za hali ya hewa. Mzee Lyle akaendelea kunoa. Mama LaVonne akasema kahawa ipo bado.

Kwa hiyo si kwamba hataki kufanya kazi na mimi. Ni kwamba ameshaniondoa. Mimi niko hapa, nakula keki, na Baba ameshaanza kuishi bila mimi ili asije akashtuka.

Sikuweza kumaliza kipande cha pili.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Akina Mama. Kanisani kila mwanamke alipewa ua mlangoni. Na mimi nikapewa. Sikujua kama napewa kwa sababu mimi ni mwanamke au kwa sababu mimi ni wa Mama. Nikalipeleka makaburini nyuma ya kanisa. Baba alisubiri garini.

Wiki inayoanza tarehe ishirini ni zamu yetu kukata nyasi za makaburini, kabla ya Siku ya Kumbukumbu, watu wanapokuja na maua na bendera. Mama aliifanya zamu hiyo kila mwaka. Mwaka huu tutakata kumzunguka yeye.

Jumatano, 15 Mei

Nilijiandaa tangu asubuhi. Kwenye basi nilipanga sentensi. Tukala viazi na nyama ya kuoka, vilivyobaki vya jana, na nikaanza.

"Baba, kikatio ni bora."

"Makaburini trekta halipiti. Litavunja mawe ya watu."

"Makaburini nitatumia mashine ya kusukuma."

"Nyasi zote zile?"

"Ndiyo."

Akanitazama. Anafanana nami macho, au mimi ndiye ninayefanana naye, sijawahi kufikiria. "Kwa nini unakitaka hicho kikatio hivi?"

Hapo ndipo zilipotakiwa kuja zile sentensi. Hazikuja. Nikasema visu ni vizito zaidi.

"Chakula kinapoa," akasema.

Tukamaliza kula. Yeye akaosha, mimi nikafuta. Sahani tunazo za watu watatu bado.

Zile sentensi naziandika hapa, kwa kuwa hapa hazigandi: Baba, sijaondoka bado. Nina mwaka mzima, na majira mawili ya nyasi. Na hata nikienda nitarudi kila Jumamosi. Usijifunze kuishi peke yako mbele yangu. Nifundishe ile lugha ya mikono.

Nimezisoma mara nyingi. Kwenye karatasi ni rahisi kabisa.

Jumamosi, 18 Mei

Curt ameleta vyote viwili tuvijaribu mpaka Jumatatu. Mashine nyekundu ikateremka kwenye trela yenyewe. Kikatio kilishushwa kwa mnyororo, kikaachwa kwenye sakafu ya saruji mbele ya banda.

"Jumatatu naja kuchukua kimoja," akasema. "Usinifanye nichukue vyote, Arlen. Mke wangu atasema sijui kuuza."

Baba akaanza na mashine ya kukalia. Alikuwa kama dubu juu ya baiskeli ya mtoto. Nikacheka, kweli nikacheka, na yeye akaniona, akanyoosha mkono mmoja juu kama mshindi wa mashindano. Akazunguka mti wa tufaha mara moja, akanipa mimi.

Ni rahisi sana. Hicho ndicho kinachoniuma. Kanyaga, inakwenda. Achia, inasimama. Nilipita chini ya kamba ya nguo, nikazunguka maua ya Mama, nikakata mstari wa barabarani. Injini ilikuwa inanipigia kelele masikioni na nilikuwa peke yangu uani kote. Mzee Lyle akapita na gari, akainua kidole kimoja kwenye usukani kunisalimu, nikainua changu. Nilipomaliza, Baba alikuwa ameshaingia ndani. Hakukuwa na sababu ya yeye kubaki nje. Hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kubaki nje.

Nikazima. Kimya kile kikaja chote kwa pamoja.

Wakati wa kula akasema, "Umeona? Hata hukuniita."

Alifikiri ananisifu.

Jumapili, 19 Mei

Tumerudi kanisani. Nikapanda chumbani kubadilisha nguo, na nikasikia trekta likiwaka. Naandika nikiwa dirishani.

Baba anajaribu kikatio. Hakuniita. Bado amevaa shati la kanisani, mikono yake ameikunja hadi viwikoni. Amerudi nyuma polepole, akasimama, akashuka, akaenda kuangalia. Mkono wa chuma wa kushoto, nyuma ya trekta, uko sawa na pini ya kikatio, wa kulia uko mbali kidogo. Akapanda. Akasogeza. Akashuka. Sasa wa kulia uko sawa, wa kushoto umepita.

Anajaribu kama inawezekana kwa mtu mmoja. Kwa nini, kama ameshaamua ya kukalia? Mashine nyekundu iko palepale nilipoiacha, hajaigusa. Kama ameshaamua, si angekaa ndani na gazeti?

Amepanda tena. Ameshuka tena. Sasa anakisukuma kikatio kwa bega. Hakiendi. Miguu inateleza kwenye saruji, viatu vyake vya kanisani. Ametukana, naona mdomo. Amejaribu kwa nondo. Kimesogea, lakini sasa kimekaa upande.

Nimeshuka jikoni na daftari. Huku namwona vizuri zaidi. Mlango wa nyuma uko wazi, injini inasikika mpaka kwenye vikombe.

Amepanda kitini. Safari hii harudi nyuma. Amekaa tu, amegeuza shingo, mkono mmoja kwenye usukani. Nilifikiri anaangalia pini. Haangalii pini. Anaangalia pale kando ya banda, kwenye zege lililopasuka, pale mtu anaposimama akimwongoza mwingine. Hakuna mtu. Anaangalia hivyo hivyo. Trekta linanguruma na haliendi popote.

Hawezi kuniita, hata akitaka. Kwa kelele ile singemsikia.

Kofia ya majani iko kwenye msumari wake hapa mlangoni. Hakuna aliyeiondoa.

Amegeuka upande wa nyumba. Sijui kama ananiona, jua liko kwenye kioo. Hajazima injini. Buti moja nimeshavaa