Nyanya za Baba na Baridi ya Zofia

Shangazi mshauri, salamu nyingi, na unisamehe, maana sijui kama naomba msaada au najisifu. Mimi ni Bogna wa huku karibu na Lublin, baba yangu alipofariki aliniachia kipande cha bustani na mbegu za nyanya zake, zile kubwa za rangi ya waridi ambazo haziuzwi popote, na mwaka huu zilikuwa zimebaki za mwisho, nikaziotesha zote dirishani kwenye vikopo vya mtindi mpaka mume wangu Tadeusz akauliza kama bado anaruhusiwa kuchungulia nje. Basi Mei ikaingia na jua kali, kila mtu akapanda, na jirani yangu Bwana Zenon, bingwa wa nyanya kila sikukuu ya mavuno, akaegemea ua akicheka, "Bogna, bado unamngoja huyo Zofia wako? Mwenzio nitakula saladi wewe ukingali unabembeleza vikopo!" Majirani wote wakacheka, na kusema kweli koleo nilikuwa nimeshalishika, lakini baba hakuwa na mchezo na jambo hilo, nyanya haitoki nje kabla siku ya Mtakatifu Zofia, Zofia wa Baridi tunavyomwita, haijapita katikati ya Mei na baridi yake ya mwisho, jua liwake lisiwake, nikairudisha miche ndani roho ikiniuma. Weee! Asubuhi ya Zofia mwenyewe nafika bustanini, sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, imetanda nyeupe kila mahali, nyanya za Zenon nyeusi tii, zimelala kama mchicha uliopikwa, na zangu kule dirishani kijani kibichi! Shangazi, nilicheza njiani na mabuti yangu, nikapiga vigelegele peke yangu!

Sasa jana, nimeshapanda zangu, Zenon kaja langoni kofia mkononi, anaomba miche iliyobaki. Nikamwambia, "Kaombe kwa jua lako la Mei," nikafunga lango. Tadeusz ameninunia, anasema nina roho mbaya, na ile miche inanyauka kwenye vikopo. Jamani, ni lazima nimpe?

Shangazi anajibu: Bogna, hongera! Cheza tena, na mimi nacheza hapa hapa kwenye kiti. Kubaki na msimamo bustani nzima ikikucheka si kazi ndogo, na huyo Zenon alistahili kuona haya.

Ila furaha imekulevya, bibi wewe. Ulingoja ili nyanya za baba yako zisipotee, au umesahau? Sasa ulizopanda zote ziko mahali pamoja. Mvua ya mawe ikizipiga mwezi ujao, utakwenda kuzitafuta wapi? Umesema mwenyewe haziuzwi. Na hapo unaiacha miche mingine ife ili tu kumkomoa mzee wa watu! Acha utoto.

Leo hii, mchana kweupe, majirani wakiwa nje, beba vikopo vyako ukabishe hodi kwa Zenon. Mpe yote. Mwambie akuwekee mbegu za tunda lake zuri kuliko yote, na mwakani asiguse koleo mpaka umruhusu. Ataitikia, hana ujanja. Kisha mpikie Tadeusz chakula kizuri, mambo yaishe.

Na sikukuu ya mavuno ikifika, Zenon akitwaa tena ubingwa, mwache achukue. Watu watamuuliza nyanya hizo amezitoa wapi, na itabidi amtaje baba yako mbele ya wote.