Kitanda cha Mama Kimenyamaza

Chole, Mafia
Mwezi 9 Mfungo Pili, 1325

Mpendwa kaka yangu Sleyum,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Lindi u mzima, na kile kifua kimepoa. Sisi hatujambo kwa rehema za Mola, ila mama ni vilevile: upande mmoja hausogei, na ulimi hautamki neno.

Maelekezo yako ya kukitengeneza kitanda chake yalifika, na yote nimeyafuata. Kamba nimezilowesha na kuzikaza upya. Tendegu lililokuwa likicheza nimelizungushia uzi wa pamba uliopakwa nta, nikaligonga mpaka likashika. Lile fupi, mguu ule usiofika sakafuni, nimeliwekea kipande cha kifuu chini. Kitanda kikatulia tuli. Nami nilikuwa nimechoka, kaka. Kutwa kucha ko, ko, ko juu ya sakafu, mpaka kichwa kikaniuma. Nikajisifu, nikaenda zangu jikoni.

Yaliyofuata naona haya kuyaandika.

Jana asubuhi aliingia Bi Mwanaharusi, jirani yetu wa ukuta mmoja, akaniuliza, "Thuwaiba, mbona tangu juzi mama yako haiti?"

Nikamjibu, "Ataita kwa ulimi gani, bibi?"

"Huita kwa kitanda, mwanangu. Hukujua?"

Sikujua. Miezi yote ile nilikuwa nikimwendea kwa hasira za kelele, nikampa maji kwa kuwa nimeshafika, kumbe ndiye aliyeniita. Tangu kitanda kinyamaze nilikuwa nikiingia saa za chakula tu. Tulimkuta amelowa, midomo imekauka, na mkono wake mzima bado unausukuma ukuta ili kitanda kitikisike. Kiganja kimechubuka. Nililia, nikamwomba radhi, na hata sasa roho yangu haijatulia.

Uzi wa nta nimeuacha, asije akaanguka. Kifuu nimekitupa. Nilipogeuka tu, akagonga. Nikampa maji, hakuyataka. Chakula, hakukitaka. Nadhani alitaka kujua kama nitasikia.

Kwa hiyo ukija na vyombo vyako vya useremala, lile tendegu fupi usiliguse.

Nisalimie wifi yangu Nunu na watoto. Ami Tahir anakusalimu sana. Mungu akuhifadhi, akurudishe kwetu ukiwa na afya. Nilikuwa na mengi zaidi, lakini naitwa.

Mdogo wako akupendaye,
Thuwaiba