Maji ya Mitchelle

Jumatatu, 3 Februari 2025

Maji imekuja saa kumi na mbili asubuhi. Nimejaza mitungi mitatu. Wa nne ulikuwa nusu, bomba ikakohoa, ikanyamaza.

Mitchelle hajaamka. Chai nimemwachia kwa stuli, nimerudi ina utandu juu. Nimeinywa mimi. Sijasikia kama ina sukari.

Ni miezi miwili sasa tangu mtoto wake azaliwe bila kulia. Msichana. Mitchelle binti yangu nilimtoa Kawangware kwa bwana yake, Morris, nikamleta hapa kwangu Kianda apate nguvu. Nilidhani ni wiki mbili. Analala akiangalia mabati. Dawa ya panya nimeitoa kwa nyumba. Panya watatembea – wacha watembee.

Nimegeuza mbolea. Katikati ni moto, mkono hauwezi kukaa. Iko sawa.

Alhamisi, 6 Februari

Gunia ya tano imekubali. Sasa zote tano zina mboga, sukuma na managu, zimepangwa kwa ukuta hapa nje. Watu wanakuja mlangoni, nawakatia.

Huu udongo nimeutengeneza miaka mitatu. Udongo mwekundu karai mbili, mavi ya mbuzi karai moja – yale yamekaa, si ya jana – vumbi ya makaa, maganda, majani makavu. Unangoja. Unageuza. Unangoja tena. Siku moja unachimba na kidole unapata nyungunyungu wanene, na udongo unanuka kama mvua. Katikati ya gunia ni mawe kutoka chini mpaka juu, maji inashukia hapo. Kopo mbili kila gunia. Leo ndiyo, kesho hapana. Ukizidisha, udongo unakosa hewa, unaoza.

Mama Hanan, Mnubi mwenye mbuzi, amepita akanipata nikiongeza maganda. "Wewe unalisha hiyo gunia kuliko mimi navyolisha bwanangu!" Watu wa ploti wamecheka. Mimi pia. Mdomo ndio umecheka.

Jumapili, 9 Februari

Morris amekuja. Amebeba mfuko wa maganda ya mayai, ameokota kwa wale wanachemsha na kuuza mayai boilo huko Kawangware. Ati ni ya udongo wangu. Maskini, hakujua abebe nini.

Ameketi kando ya kitanda karibu saa nzima. Mitchelle amemwambia neno moja: "Umekula?" Amesema amekula. Alikuwa hajakula.

Nje akaniambia, "Mathe, mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

"Na haamki. Utambeba na mgongo?"

"Hata na mgongo."

Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nimempakulia ugali, amekula akiwa amesimama.

Jumanne, 11 Februari

Ameamka!

Nilikuwa nimeenda kwa posho mill kusaga mahindi. Narudi – yuko nje, kwa jua, na leso yangu, anamwagilia magunia. Mtungi mzima, lita ishirini. Na anamwaga juu kwa udongo, si kwa mawe. "Mum, hizi zilikuwa na kiu."

Nikasema, "Asante, mama."

Hiyo tu. Nikaingia ndani nikashika ukuta.

Jumatano, 12 Februari

Amemwagilia tena. Mtungi mwingine. Amechana nywele. Amekula ugali nusu sahani.

Nilikuwa nimwambie zilikunywa jana. Nimefungua mdomo, nimeona vile ameshika jagi na mikono miwili. Nimefunga mdomo.

Jumamosi, 15 Februari

Majani ya chini ni manjano. Udongo wa juu umekuwa tope, unanuka kama yai bovu. Nyungunyungu kumi na mmoja wametoka nje, weupe, wamelala kwa ukingo wa gunia. Nimewaokota haraka nikawapeleka kwa mbolea kabla hajawaona. Sijui kama wataishi.

Amefua nguo zake leo. Peke yake. Ameuliza kama nina kipini cha nywele.

Alipokuwa anaoga nimetoboa magunia chini na msumari. Maji nyeusi imetoka, imefika kwa mlango wa Mama Hanan. Akatoka mbio.

"Mama Mitchelle, unazamisha shamba? Mwambie huyo msichana!"

"Shh."

"Ati shh! Kwani hapa mgonjwa ni nani, ni sukuma?"

Nikamwonyesha bafu na kidole. Akaangalia bafu, akaangalia tope. Akashusha sauti.

"Basi wacha zife."

Akachukua ufagio akafagia hiyo maji mwenyewe.

Jumatatu, 17 Februari

Tatu zimekufa. Shina ukivuta inatoka kama meno ya mzee. Nimevuta zile mbaya, nimepanda matawi ya sukuma yasiyo na mizizi, ionekane kuna kitu. Miaka mitatu. Nilidhani nitalia. Nimetafuta kilio, hakuna.

Leo nimenunua sukuma kwa barabara. Nimetupa kamba waliyofungia, nimemwambia Mitchelle nimekata hapa nje. Ameikata vizuri, nyembamba, vile nilimfundisha akiwa darasa la nne. Ati, "Imenona." Nikasema ndiyo, ni maji yako.

Maji ya kupika tunanunua sasa. Na yeye ananenepa kidogo hapa mashavuni. Nikipima hizi mbili, sioni shida. Lakini kila asubuhi nikisikia mtungi unakokotwa, nahesabu kopo.

Alhamisi, 20 Februari

Saa nne asubuhi. Naandika nikiwa mlangoni.

Mitchelle ametoka na mtungi. Amefika gunia ya tatu, amesimama. "Mum, inanuka."

Nikasema ni mtaro.

"Mtaro uko upande ule." Akashika tawi moja, likatoka mkononi bila mzizi. Akaliangalia. "Ile sukuma ya juzi ulinunua wapi?"

Akauliza polepole, kama mtu anauliza bei:

"Ni mimi nimeziua?"

"Hapana."

"Hivyo ndivyo ulisema hospitali," akasema. "Nikakuuliza kuhusu mtoto. Ukasema hapana, haraka hivyo hivyo."

Miezi miwili amelala na hiyo! Na mimi nilidhani nilimtuliza.

Hospitali nilisema hapana kwa sababu ni kweli. Daktari mwenyewe alituambia, kamba ya kitovu ilimzunguka mtoto shingo, hakuna mtu angejua. Hapa nimesema hapana na ni uwongo. Na zote zimetoka na sauti moja. Atajuaje ni gani ya kweli?

Nikamwambia. Magunia ni wewe. Maji imekuwa nyingi, mimi nilijua kutoka siku ya pili, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa umeamka. Magunia, ndiyo. Mtoto, hapana.

Nikachukua daftari na kalamu, nikaketi hapa mlangoni.

Mitchelle ameweka mtungi chini. Mama Hanan alikuwa anatoka na mbuzi, ameona nyuso zetu, amewarudisha ndani.

Hii kalamu nimeshika ndiyo mikono isiende kwake. Hajalia. Hajarudi kitandani pia. Amesimama tu hapo, jua liko kwa shingo yake.

Sasa ameinama. Amekunja mikono ya sweta. Ameshika gunia hapa juu, pande mbili, anavuta. Anataka kulitoa kwa kivuli likauke kwa jua, nafikiri. Limejaa maji, ni zito kama maiti – Mungu nisamehe, neno limetoka tu. Limekataa. Amepanga miguu vizuri, anavuta tena. Limesonga kidogo sana, upana wa kiganja.

Anapumua na mdomo. Hajaniita. Hajaniangalia. Sijui nisimame nimsaidie ama –